Mauaji ya Chicago yaliyogeuka mchezo wa kulenga shabaha: sisi tuliokimbia risasi tunajifunza nini?

Ninyi wahami mnaotusoma kwa telefone ya kuazima, leo ninawaletea historia ya mbali. Nimeitafuta kwa sababu ya swali la mama mmoja.

Mama huyu alihama kijiji chake kwa sababu ya vita, na sasa anaishi kwenye kibanda cha maturubai. Mtoto wake alipata nafasi ya kwenda kuishi Marekani kama mkimbizi, na siku moja akamtumia video. Ndani yake wanaume wazima, wamevaa suti za zamani na kofia za mabega mapana, wanakimbia nyuma ya ukuta wa mbao uliopakwa rangi ufanane na garaji. Wanapiga risasi kwenye vibao vya chuma, vibao vinalia, watu wanapiga makofi na kucheka. Mama akaniuliza: « Mwanangu, wewe unayesoma, niambie. Hawa wanacheza nini? Je, siku moja watu watacheza hivi na mambo yaliyotupata sisi? »

Sikuwa na jibu. Nilimwambia: « Mama, nipe muda nitafute. » Haya ndiyo niliyoyapata. Sitafundisha mtu kutumia bunduki. Hapa kwetu wanaojua kuitumia wametosha. Nitaeleza tu jinsi uhalifu wa zamani ulivyogeuka mchezo, na kilichohitajika kabla haujawa mchezo.

Pombe, dola na bunduki

Mwanzoni mwa mwaka wa 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe katika nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa 1933. Waliotaka watu waache ulevi walikuwa na nia njema, lakini watu hawakuacha kunywa. Biashara ikahamia mikononi mwa wafanya magendo. Sisi tunaotoka kwenye nchi ya madini tunaelewa haraka: kitu kinachotakiwa na wengi kikiuzwa gizani, mwenye bunduki ndiye anayekuwa bwana wa soko. Mjini Chicago magenge yaligawana kartie za mji kama vile makundi yanavyogawana barabara na vizuizi. Genge la kusini la mji liliongozwa na Al Capone. La kaskazini likawa chini ya George Moran, aliyejulikana kwa jina la Bugs.

Wakati huohuo kulikuwa na bunduki mpya. Jenerali mstaafu John T. Thompson alifikiria rashasha ndogo ya kubebwa na mtu mmoja, ya kusafishia mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia. Vita vikaisha kabla bunduki haijafika mahandakini. Mwaka wa 1921 ikaanza kuuzwa kwa bei ya karibu dola 200, pesa nyingi kwa wakati ule, na sheria ya serikali kuu haikumzuia raia kuinunua. Jeshi na polisi hawakuinunua kwa wingi, lakini majambazi waliipenda. Kwa mlio wake watu waliipa jina la utani: mashine ya kuandikia ya Chicago. Yaani bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya vita iliishia kwenye barabara za raia. Hiyo pia ni hadithi tunayoijua.

Asubuhi ya tarehe 14

Tarehe 14 mwezi wa pili mwaka wa 1929, kwenye saa nne na nusu asubuhi, gari lilisimama mbele ya garaji namba 2122, barabara ya North Clark, Chicago. Wanaume wanne waliingia, na wawili kati yao walivaa sare za polisi. Ndani walikuwemo wanaume saba. Waliamriwa wageukie ukuta, na wakatii, kwa sababu walidhani ni msako wa kawaida wa polisi. Kisha wakapigwa risasi mgongoni, kwa rashasha mbili za Thompson na bunduki ya marisau. Wauaji wakatoka nje kwa ujanja: wenye sare nyuma na bunduki mkononi, wenye makoti ya kiraia mbele na mikono juu, ili majirani wadhani kwamba polisi wamekamata wahalifu.

Wasikilizaji, wangapi kati yetu wameshagongewa mlango usiku na mtu mwenye sare, wasijue kama ni askari wa kweli au mwizi? Ndiyo maana habari hii ya karibu miaka mia moja iliyopita haikuwa ngeni masikioni mwangu.

Walengwa walikuwa watu wa Moran. Yeye mwenyewe hakuwa ndani, alichelewa kufika. Kati ya waliokufa, mmoja, John May, alikuwa fundi wa magari. Mwingine, Reinhardt Schwimmer, alikuwa mtaalamu wa kupima macho ambaye alipenda tu kukaa karibu na watu wa genge. Fundi alikuja na mbwa wake siku hiyo. Mbwa alikutwa amefungwa kwenye lori, hai, analia kwa hofu, na kelele zake ndizo zilizofanya majirani waje kuangalia. Mmoja wa majeruhi, Frank Gusenberg, aliishi saa chache. Polisi walipomwuliza nani amempiga, alikataa kusema. Alikufa na siri yake.

Maganda ya risasi yalivyosema

Kwa sababu mashahidi waliona sare, wakaaji wengi wa mji waliamini kwamba polisi wenyewe ndio waliua. Tuhuma hiyo ilikuwa nzito, na ilibidi ijibiwe kwa ushahidi. Aliitwa mtaalamu kutoka New York, Calvin Goddard. Alitumia hadubini ya kulinganisha, chombo kinachokuza na kuonyesha risasi mbili kwa pamoja. Kila mtutu wa bunduki huacha mikwaruzo yake juu ya risasi, kama kidole kinavyoacha alama yake. Goddard alichunguza maganda karibu 70 yaliyookotwa kwenye sakafu, akajua kwamba rashasha mbili zilitumika. Akazipima rashasha za polisi, akaona si zile.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, mtu mmoja alimuua askari polisi katika mji mdogo wa St. Joseph, jimbo la Michigan, baada ya ajali ndogo ya gari. Jina lake lilikuwa Fred Burke. Nyumbani kwake polisi walikuta rashasha mbili za Thompson. Goddard akazijaribu na kulinganisha: ndizo zilizotumika garajini. Burke alifungwa maisha kwa kumuua yule askari, lakini kwa mauaji ya watu saba hakuhukumiwa. Hata mtu mmoja hakuhukumiwa kwa kosa hilo mpaka leo. Capone, aliyetuhumiwa na wengi, alikuwa Florida siku ile. Mwaka wa 1931 alipewa kifungo cha miaka 11, lakini kwa kosa la kutolipa kodi.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kule haki ilitendeka. Haikutimia. Lakini kitu kimoja kilifanyika: mambo yaliandikwa. Majina ya wafu saba, saa, namba ya nyumba, idadi ya maganda, aina ya bunduki, vyote vipo mpaka leo. Garaji lilibomolewa mwaka wa 1967, lakini hata matofali ya ule ukuta yalihifadhiwa. Mengi yako sasa kwenye makumbusho ya habari za majambazi mjini Las Vegas, yaliyofunguliwa tarehe 14 mwezi wa pili mwaka wa 2012.

Mwaka wa 1934: sheria, na wasio na hatia

Serikali kuu ilitunga sheria ya bunduki mwaka wa 1934. Rashasha zikatakiwa kuandikishwa, na kila inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kodi ya dola 200 ilipwe. Kodi ilikuwa sawa na bei ya bunduki yenyewe. Mwaka huohuo maofisa wa upelelezi wa serikali kuu, tunaowajua leo kama FBI, wakapewa na Bunge ruhusa ya kubeba silaha na kukamata watu.

Lakini kuwa na bunduki si kujua ni nani wa kumpiga. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa nne mwaka wa 1934, maofisa hao walizunguka hoteli ya msituni iitwayo Little Bohemia, jimbo la Wisconsin, wakimtafuta mwizi wa mabenki John Dillinger. Wanaume watatu waliokuwa wamemaliza kula wakatoka, wakaingia kwenye gari lao. Maofisa wakadhani ni majambazi, wakafyatua. Mmoja akafa, wawili wakajeruhiwa. Wote watatu hawakuwa na kosa lolote. Dillinger na wenzake wakapita nyuma, wakatoroka.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 mwezi wa saba, Dillinger aliuawa mbele ya jumba la sinema la Biograph mjini Chicago, alipotoka kutazama filme ya majambazi iitwayo Manhattan Melodrama. Hata hapo, wanawake wawili waliokuwa wanapita njia walijeruhiwa kwa risasi za maofisa. Habari kubwa ya magazeti ilikuwa Dillinger. Wanawake wale wawili ni wachache wanaowakumbuka.

Kijiji cha mbao

Kutokana na makosa ya namna hiyo, walimu wa polisi waliona kwamba haitoshi kumfundisha askari kupiga duara la karatasi lililosimama kimya. Kati ya vita viwili vya dunia, kwenye kambi ya kulenga ya Camp Perry, jimbo la Ohio, polisi walijengewa mtaa wa bandia wenye kuta na madirisha, na sanamu zinazochomoza ghafla. Waliuita Hogan's Alley, jina la mtaa wa maskini katika michoro ya kuchekesha ya magazeti ya miaka ya 1890. Askari alitakiwa kuamua kwa nukta moja: huyu ni mhalifu, au ni raia?

Mwaka wa 1987 FBI ilijenga mji mzima wa bandia wenye jina hilohilo huko Quantico, jimbo la Virginia, kwa msaada wa mafundi wanaojenga mandhari za filme. Una benki inayoibiwa kila mara, hoteli, posta, na waigizaji wanaojifanya majambazi au wapita njia. Una pia sinema iliyopewa jina la Biograph, na tangazo lake la mbele daima ni la filme ileile, Manhattan Melodrama. Hivyo ofisa kijana anajifunza kazi yake mbele ya mlango unaokumbusha mwaka wa 1934.

Jinsi mchezo unavyopangwa

Sasa tufike kwenye video ya mama. Upande wa raia, mchezo wa kulenga kwa kutembea na kukimbia ulipata chama chake cha dunia mwaka wa 1976, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Kinaitwa IPSC kwa kifupi, na kauli yake ya Kilatini ina maneno matatu: umakini, nguvu, kasi. Mwaka wa 1987 kikaundwa chama kingine, SASS, cha wanaopenda kuigiza zama za wachunga ng'ombe za kabla ya mwaka wa 1900. Kila mwanachama anachagua jina la kuigiza na anavaa mavazi ya zama hizo. Wengine wakasogeza mchezo mbele hadi miaka ya 1920 na 1930, zama za Capone na Dillinger. Hao ndio wenye suti na kofia za mabega mapana.

Mpangaji wa kituo kimoja cha mchezo anaanza na hadithi. Anaandika maneno machache: « Wewe ni mlinzi wa benki, majambazi wameingia, mfuko wa pesa uko mezani. » Kisha anajenga kwa mbao: mlango, kaunta, mapipa, pengine bodi la gari la zamani lisilo na injini. Bunduki zinafanana na zile za zamani, lakini ile Thompson ya mchezo kwa kawaida haimwagi risasi. Ukivuta kifyatulio mara moja, risasi inatoka moja.

Hadithi ndiyo inayoonekana kwenye video. Kazi kubwa ya mpangaji iko mahali ambapo video haionyeshi. Kwanza anaangalia tuta la udongo nyuma ya kila shabaha, risasi isipite. Anapima umbali wa vibao vya chuma. Katika sheria za IPSC hakuna ruhusa ya kuvipiga ukiwa karibu kuliko mita 7, kwa sababu vipande vinarudi. Anachora mistari chini ili mshindani asifike mahali ambapo mtutu wake utaelekea watu. Mtutu ukigeuka nyuma, mshindani anatolewa siku hiyo, hata kama ndiye bingwa. Anahesabu pia risasi: kituo kirefu cha IPSC hakipiti 32. Hakuna anayejaza bunduki kabla ya amri ya mwamuzi. Akimaliza, anaonyesha bunduki tupu. Wote wanavaa miwani na vizibo vya masikio.

Kisha kuna shabaha nyeupe. Katika IPSC hiyo ndiyo shabaha isiyopigwa. Inawakilisha mateka, mpita njia, mtu asiye na kosa. Mpangaji hodari haiweki pembeni. Anaiweka mbele ya shabaha ya mhalifu, inafunika nusu yake, ili anayekimbilia alama alazimike kutulia. Risasi nzuri kabisa kwenye shabaha ya kawaida inaleta alama 5. Risasi ikigusa nyeupe, unapoteza 10. Yaani kumgusa asiye na hatia kunafuta kazi ya risasi mbili nzuri. Alama zako zinagawanywa kwa muda uliotumia, basi kasi ina faida, lakini kasi isiyochagua inakushusha.

Niliposoma hapo nilisimama. Nilifikiri juu ya watu watatu wa Little Bohemia, na wale wanawake wawili mbele ya sinema. Wao walikuwa shabaha nyeupe za kweli, na hakukuwa na mwamuzi wa kupunguza alama.

Kinachotuhusu sisi

Nilimrudia mama na majibu yangu. Nilimwambia kwamba wale watu hawachekelei vita vyao wenyewe. Hakuna kati yao aliyekuwa garajini mwaka wa 1929. Miaka imepita, magenge yale yamekufa, na anayecheza anajua kwamba jioni atarudi nyumbani, mlango hautavunjwa. Mchezo huo unawezekana kwa sababu hofu iliyouzaa imekwisha. Hapa kwetu mtoto akiokota fimbo na kuifanya bunduki kati ya vibanda, mama yake anashtuka, kwa sababu hofu yetu bado iko mlangoni.

Pia sikumficha shaka yangu. Kuna wapangaji wanaojenga ukuta wa North Clark na kumweka mshindani upande wa wauaji, bila kumtaja fundi wala mbwa wake. Hapo, kwa maoni yangu, mchezo unakuwa tusi. Lakini mpangaji anayemweka mshindani upande wa mlinzi, na shabaha nyeupe mbele ya macho yake, anakumbusha kitu ambacho wengi wenye bunduki wanasahau: hesabu ya kweli ya mpiga risasi inaanzia kwa wale aliowaacha hai.

Mama alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: « Basi wale saba wanajulikana majina yao. Wetu je? »

Swali hilo ndilo ninalowaachia leo. Chicago haikuwafunga wauaji, lakini ilihesabu maganda na kuandika majina, na kwa hiyo mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwamba siku ile haikuwepo, au kwamba waliokufa walikuwa watano badala ya saba. Vijiji vyetu vingi vimechomwa, na orodha haipo. Siku moja watoto wa watoto wetu watasimulia mambo haya, pengine kwa filme, pengine kwa mchezo, hatuwezi kuwazuia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba watakuta majina.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu wahami jambo dogo. Chukueni daftari la mtoto la shule. Andikeni jina la mtu wenu, jina la kijiji, siku na saa kama mnaikumbuka, kazi aliyofanya, na nani alikuwa naye. Asiyejua kuandika amwambie kijana aliyesoma. Daftari lifungwe kwenye plastiki, mvua isiliharibu, na lisionyeshwe kwa kila mtu, kwa usalama wenu. Yule mama ameshaanza. Jina la kwanza kwenye ukurasa wake ni la mume wake, na pembeni ameandikisha kazi yake: fundi wa baiskeli.